Mkono Dirishani

Jumatatu, 14 Julai

Vipindi viwili asubuhi. Wanafunzi nusu wamechelewa, nusu wanachezea simu chini ya meza. Nimefoka mpaka sauti ikakauka. Kipupwe kimeniingia kifuani, nakohoa kama mzee. Basi si ndimi mzee mwenyewe.

Jioni nikabandika mihogo ya nazi, nikakaa na kazi ya tamasha la filamu. Chuo kimeniomba nizungumze nusu saa kuhusu bibi mmoja wa Marekani, mwongozaji wa zama za filamu bubu, kabla sinema hazijajua kusema. Namwita Bibi Marekani, maana jina lake kila nikilitamka wanafunzi wanacheka. Alianza kwa kupiga kinanda kwenye ukumbi wa sinema. Akawa mwigizaji. Akachoka kuamrishwa na watu wasiojua wanachotaka, akaenda kusimama nyuma ya kamera. Picha zake ni za majumbani: mke, mume, mkwe, mlango unaofungwa. Nampenda. Angezaliwa hapa mtaani kwetu Dunda tungekuwa mashoga.

Baada ya mazungumzo yangu itaonyeshwa Talaka ya Alasiri. Filamu yangu. Ya kwanza kutengenezwa na watu wa mji huu wenyewe, kwa kamera ya mkanda ya marehemu mume wangu Hamisi, aliyekuwa akipiga picha za harusi. Mbaraka, mdogo wake Hamisi, ameuchukua mkanda wiki iliyopita akausafishe Dar, uwe na sura ya kisasa. Ndio pekee niliobaki nao. Niliufunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Shemeji yangu ana moyo, sikutegemea. Miaka yote hii, na leo kuna mtu anataka kuiona tena.

Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda duka la Mzee Karim kununua unga na sukari. Bango kubwa ukutani, juu ya magunia ya mchele. Mbaraka amevaa koti na miwani myeusi. Talaka ya Alasiri, filamu ya Mbaraka, mwongozaji wa kwanza wa Bagamoyo.

Mzee Karim akatoka nyuma ya kaunta kunipa mkono wa pongezi. Shemeji yako ametutoa kimasomaso, Bi Saumu. Nikajibu alhamdulillahi. Nimejibu alhamdulillahi! Ulimi huu ungekatwa. Nikaondoka, sukari nimeiacha.

Mchapaji amekosea. Hilo tu. Watu wa mabango hawaulizi, wanaandika wanalotaka. Mbaraka atawarekebisha.

Nimempigia. Inaita tu.

Ijumaa, 18 Julai

Si mchapaji.

Mbaraka amekuja baada ya swala, kanzu imenyooka kwa pasi, halua mkononi. Akakaa kwenye kiti cha Hamisi. Nimemuuliza bila kuzunguka, jina langu liko wapi. Akacheka kwanza. Kisha akasema, "Shemeji, ningewaambia nini watu? Kwamba uliongoza filamu ndani ya eda ya kaka? Nimekusitiri."

Nimekusitiri. Astaghfirullah.

Niandike ilivyokuwa, maana naona siku hizi kila mtu ana ilivyokuwa yake. Hamisi alifariki tukiwa tumeshapanga kila kitu. Hadithi yangu, kamera yake, waigizaji wametoka mtaani. Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, sitoki, sijipambi, sionani na mwanamume asiye maharimu wangu. Sikuvunja hata moja. Kamera niliiweka jikoni, kwenye dirisha linalotazama kiwanja na baraza ya jirani. Nikaifunika kanga, kioo tu ndicho kilichochungulia. Waigizaji walikuwa nje. Mbaraka alisimama chini ya dirisha, mgongo kwangu, uso kwao. Mimi nasema polepole kwa ndani, yeye anapaza sauti: rudi nyuma, lia taratibu, usitazame huku. Mdomo wake, maneno yangu. Ndiyo maana filamu nzima imepigwa kutoka dirishani. Wataalamu wanaiita mtindo. Mtindo gani? Nilikuwa mjane, sikuwa na pengine pa kuiweka kamera.

Tuliojua ni wanne. Mimi, Mbaraka, binti yangu Sabra aliyekuwa mdogo bado, na shoga yangu Mwanahawa aliyeigiza yule mke aliyeachwa. Tulikubaliana tunyamaze, watu wasije wakasema mume hajapoa kaburini, mke anacheza sinema. Eda ikaisha. Hakuna aliyeuliza, nami sikusema. Filamu tuliionyesha haina jina la mtu.

Ila mwishoni niliweka alama yangu. Mke ameachwa, amebeba mkeka wake anaondoka, na yule jirani aliyekuwa akichungulia tangu mwanzo anafunga dirisha. Huoni uso, unaona mkono tu. Ni wangu. Wa kushoto, wenye kovu refu la mafuta ya maandazi. Kovu hilo Dunda nzima inalijua.

Nilimwambia Mbaraka alirudishe jina langu. Akasema nimechelewa, mabango yameshabandikwa mpaka Dar. Akasema sisi ni damu moja, jina likiwa lake ni langu pia. Akaondoka, ameniaga kwa heshima kabisa, kama hakuna kilichotokea.

Halua nimempa paka wa jirani.

Jumapili, 20 Julai

Nimemsikia redioni. Mtangazaji anamwita gwiji. Akaulizwa kwa nini kamera haitoki dirishani. Akakohoa kidogo, akasema alitaka kuonyesha upweke wa binadamu wa kisasa. Upweke! Alikuwa amesimama pale anamumunya ukwaju, namwomba asiteme kokwa maana kamera inasikia. Akaongeza, "Jicho langu halikutoka kwenye kamera tangu mwanzo mpaka mwisho." Mtangazaji akasema lo.

Wali umeungua. Nimeula hivyo hivyo na ukoko wake.

Namchukia. Haya, nimeandika. Namchukia ndugu wa mume wangu. Hamisi angekuwa hai angemshika sikio, amtoe redioni mbele za watu.

Nimerudi kwa Bibi Marekani nipate kusahau, na ndiko nilikojitia kitanzi. Mumewe naye alikuwa mtu wa filamu. Jina la mume lilitangulia kwenye pazia, lake likafuata kwa herufi ndogo, baadaye halikuwapo kabisa. Mume akaulizwa mke alifanya kazi gani. Akajibu alinisaidia kuchagua nguo za waigizaji. Filamu zilipoanza kusema, makampuni makubwa yalisema hayahitaji mwanamke wa kupiga kelele. Akazeeka akiwa mwuza maua. Gazeti lilipoandika kifo chake lilimwita mke wa zamani wa mwongozaji fulani.

Kwenye rasimu yangu nilikuwa nimeandika "alisahauliwa". Nimelikata. Hakusahauliwa yule. Alifutwa, na aliyemfuta alikuwa akila naye sahani moja.

Jumanne, 22 Julai

Sijui nianzie wapi.

Kwenye kundi la chuo wametuma video fupi ya kutangaza tamasha. Mbaraka tena, nikasema nipite. Halafu akatokea Sabra. Mwanangu. Amekaa sebuleni kwake Kerege, mtandio wa zambarau niliomnunulia mimi. Anatabasamu. Anasema baba mdogo alikuwa na maono. Anasema, "Mama yeye alikuwa jikoni, anatupikia."

Nimeitazama tena. Na tena. Nilidhani labda wamekata maneno. Hawakukata. Baada ya hapo anacheka kidogo, kile kicheko chake cha aibu akiwa anajua anadanganya. Nakijua tangu alipovunja birika.

Sabra huyu ndiye aliyeshika ncha ya kanga isipeperuke mbele ya kioo. Sabra huyu nilimfundisha kukohoa mtu akikaribia mlango. Alikaa miguuni pangu jikoni siku zote zile, ameniegemea, kimya kama mtu mzima. Baba yake amekufa, mama yake anamnong'onezea dirisha, na yeye ameshika kanga.

Mbaraka ni mtu baki. Ndugu wa mume, mume mwenyewe hayupo, basi. Huyu nimemzaa.

Nimekaa chini sakafuni, pale pale kamera ilipokuwa. Machozi hayakuja. Yangekuja ningepumua.

Jumatano, 23 Julai

Sabra amekuja. Nilijua atakuja, ana tabia ya kurudi mahali alipovunja kitu. Shikamoo mama, marahaba. Akasimama mlangoni kama mgeni.

Nikamwambia, umesema nilikuwa napika. Akaniambia, "Ulikuwa unapika pia, mama."

Kweli. Nilipika. Wali na maharage wa watu wote wale, kila siku, kati ya picha na picha. Ndicho kilichonichoma zaidi, kwamba hakudanganya sana.

Akasema yote. Baba mkwe wake ni mwalimu wa madrasa, mtu mkali wa dini, na amealikwa kwenye tamasha akae mbele. Wakisikia mama yake Sabra alikuwa na kamera ndani ya eda, atawaambia nini? Watauliza ametoka nyumba ya namna gani. Mume wake mpole, lakini hampingi baba yake. Nikamwuliza, nilitoka nje? Hukutoka. Nilijipamba? Hukujipamba. Mwanamume alinitia machoni? Hapana, mama. Sasa kosa liko wapi?

"Watu hawaulizi hivyo, mama."

Nalo ni kweli. Watu hawaulizi hivyo.

Akaniomba niape kwamba tamashani sitasema neno. Sikuapa. Sikukataa vilevile. Nikamkaribisha chakula, akasema ameshiba, na tumbo linamnguruma nalisikia. Akalia, akaondoka. Nimebaki na bakuli la mchuzi wa pweza, chakula anachopenda kuliko vyote. Nimelifunika.

Najiuliza ni nani aliyemfundisha kuogopa watu hivi. Jibu ninalo. Mtoto wa miaka ile, unamfundisha kukohoa mtu akikaribia mlango, unategemea akue vipi?

Hata hivyo imeniuma. Sitajifanya haikuniuma.

Alhamisi, 24 Julai

Fundi mitambo wa chuo alikuwa anajaribu filamu ukumbini. Nikapita mlangoni, nikaingia, nikakaa nyuma kabisa. Wameisafisha kweli. Nyuso zinang'aa, sauti kama ya jana. Mwanahawa mwembamba! Nilitabasamu peke yangu gizani.

Ikafika mwisho. Mke amejitwika mkeka. Anavuka kiwanja. Anapinda kona. Halafu kiza, na jina la Mbaraka kwa herufi za dhahabu.

Nikamwambia fundi arudishe nyuma. Akarudisha. Kiza. Nikamwuliza kama labda faili lina hitilafu. Akasema hapana mwalimu, limekatwa tu hapo, kazi safi.

Ameukata mkono wangu.

Jina nilikuwa nimeanza kulimeza. Ningejilazimisha, kwa ajili ya Sabra, ningekaa pale nipige makofi kama hamnazo. Lakini huyu mtu alikwenda Dar, akakaa kiti karibu na fundi, akamwambia kata hapa. Kwa hiyo alijua. Aliutazama mkono, akaona ni wa mwanamke, akaona lile kovu, akajua watu watauliza. Na mimi ananiambia amenisitiri! Alikuwa anajisitiri mwenyewe, hana haya hana soni.

Mkanda wangu bado anao. Nimempigia. Inaita tu.

Ijumaa, 25 Julai

Nimekwenda Zinga kwa Mwanahawa. Nimemkuta anamenya mihogo, mnene, ana wajukuu kila pembe. Nikamwaga yote, mabango, redio, Sabra, mkono. Nilitegemea alie. Alicheka mpaka akashika mbavu. Nikakasirika. Akaniambia ngoja, shoga, ngoja kwanza.

Zamani nilimpa nakala yake ya filamu. Siku anamwoza mwanawe mkubwa, mpiga picha hakuwa na mkanda mtupu. Mwanahawa akampa ule. Wakarekodi harusi juu ya Talaka ya Alasiri! Harusi juu ya talaka, hakuna aliyefikiri. Ila harusi ilikuwa fupi kuliko filamu. Kwa hiyo bibi harusi anaagwa, vigelegele, gari linaondoka, mistari inaruka, halafu ghafla mkono wangu unafunga dirisha. Mwisho.

Baadaye wakauhamishia kwenye flashi vilevile ulivyo. Kila Idi wanaiweka. Wajukuu wanaamini harusi zote huishia hivyo, mtu anafunga dirisha.

Nilitaka kumlaumu kwa kuniharibia filamu. Sikuweza. Nilicheka nikalia humo humo, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Mwanahawa akasema kesho atasimama aseme ukweli wote. Nikamkataza. Kwa ajili ya Sabra. Akachukua muhogo mwingine, akaumenya. "Haya. Mimi mdomo nimefunga. Lakini nakuja na watu wangu wote, mimi ndiye nyota."

Jumapili, 27 Julai

Jana sikuweza kuandika.

Ukumbi ulijaa tangu saa tisa. Wageni wa Dar mbele, na baba mkwe wa Sabra katikati yao, kofia nyeupe, fimbo kati ya magoti. Sabra na mumewe nyuma yake. Hakunitazama. Mwanahawa na wanawake wake wa Zinga safu mbili nzima, kanga za sare, wanakula ubuyu.

Nikazungumza kuhusu Bibi Marekani. Kinanda, kamera, majumba, mume. Nilisema alifutwa, sikusema zaidi. Watu wakapiga makofi ya adabu. Mbaraka alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Ikaanza filamu. Watu walicheka pa kucheka, wakanyamaza pa kunyamaza. Nilisahau ghadhabu yangu kidogo. Ni nzuri. Naiandika hapa kwa kuwa hakuna wa kuniambia: ni filamu nzuri.

Kiza. Herufi za dhahabu. Makofi. Mbaraka akapanda jukwaani, akapewa maikrofoni. Na kabla hajasema bismillahi, mwanamke wa Zinga akasimama. Mkwe wa Mwanahawa, yule yule bibi harusi wa kwenye mkanda, sasa mama wa watoto.

"Samahani kaka. Mbona mkono haupo?"

Mbaraka akauliza mkono gani. Wakamjibu wote kwa pamoja. Mkono wa dirishani! Aliyefunga dirisha yuko wapi? Mmoja akapaza sauti, "Harusi zetu zote zinaishia na mkono ule!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wageni wa Dar hawaelewi. Halafu sauti ya kizee pembeni: ule wa Bi Saumu, wenye kovu.

Sikumtuma mtu. Wallahi. Mwanahawa alikuwa anatazama dari, mdomo umejaa ubuyu.

Na hapo Mbaraka angeweza kuniokoa. Njia ilikuwa wazi mbele yake, angesema tu ndiyo, kazi ni ya shemeji yangu, ningemsamehe pale pale. Akatabasamu. Akasema, "Aa, ule! Nilimwita shemeji afunge dirisha tu. Nilimwelekeza mwenyewe, nikiwa nyuma ya kamera."

Hata mkono wangu ameuchukua.

Nikajikuta nimesimama. Sikupanga. Maikrofoni sikuwa nayo wala sikuihitaji, nimefoka darasani maisha yangu yote. Nikamwambia, "Shemeji. Filamu hii ilipigwa nikiwa eda ya kaka yako. Kamera ilikuwa jikoni kwangu, ndani. Waambie watu. Uliingia?"

Hata ubuyu haukutafunwa.

Kwa kuwa ama aliingia, akakaa siku zote zile peke yake na mjane wa kaka yake aliye edani, na mji mzima unamsikia. Au hakuingia, na jicho lake halikuwa kwenye kamera hata siku moja. Niliona anapiga hesabu hiyo usoni. Akalowa jasho kwenye ukosi wa koti.

Akaanza kusema ni mambo ya zamani, mtu hakumbuki vizuri. Ndipo baba mkwe wa Sabra akagonga fimbo chini. Mara moja tu. "Bwana, swali ni la haki. Jibu."

"Sikuingia," akasema. Alisema chini, lakini maikrofoni haina siri.

Nikakaa. Vigelegele vikalipuka kutoka Zinga, sikuvifurahia. Nilimtazama Sabra. Alikuwa ameshainuka, ameshika mtandio mdomoni, anatoka nje. Mumewe akamfuata. Mzee akabaki ameketi, hakunigeukia.

Nimepata jina langu. Nyumba imekuwa kimya mno.

Jumatatu, 28 Julai

Darasani wamesimama nilipoingia. Nimewaambia wakae, wafungue kazi yao.

Watu wa tamasha wamepiga simu, watabadilisha jina kwenye bango. Nikawaambia kwanza nataka mkono wangu. Hawakuelewa, ikabidi nieleze.

Dukani kwa Mzee Karim wanawake wawili walinyamaza nilipofika. Najua walikuwa wakisema nini. Nikanunua sukari yangu.

Sabra hajapiga. Sijampiga.

Alhamisi, 31 Julai

Upepo wa kusi umetulia. Nimefua.

Adhuhuri bodaboda akaleta kifurushi. Mkanda wangu, umefungwa gazeti. Kanga yangu hakuirudisha, wala neno hakuandika. Miaka yote kakaa kwenye baraza yangu, kala chakula changu, na mwisho wake ni gazeti. Sitampigia. Hata akija sijui kama nitamfungulia. Nikimfungulia, kiti cha Hamisi hatakikalia tena.

Niliazima deki ya mikanda ya chuo, nikaibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Nilikuwa nahangaika na waya Sabra alipobisha hodi. Hakuna mume, yeye na kapu la mihogo. Shikamoo mama. Marahaba. Hakusimama mlangoni safari hii, aliingia moja kwa moja, akachomeka ule waya nilioshindwa.

Baadaye akasema, huku amenipa mgongo, kwamba baba mkwe alimwuliza jambo moja tu. Mama yako alikaa ndani? Akamjibu alikaa. Mzee akasema basi, akaagiza chai. Basi. Kwa hofu ya swali hilo moja mwanangu aliniuza.

Sikumwambia hivyo. Labda nitamwambia siku nyingine. Labda anajua.

Tukatazama. Mkanda una mchanga mchanga, rangi imefifia. Mbaraka anasikika anapaza sauti mahali pawili. Ilipofika pale Mwanahawa anakunja mkeka wake, nikasikia kitu ambacho ukumbini hakikuwapo. Karibu sana na kamera. Mtu anavuta pumzi kwa shida, anazuia kilio, kinamshinda, kinatoka kidogo kidogo. Na picha inatikisika kwa kipimo hicho hicho. Dar walisafisha. Walidhani ni uchafu wa mkanda.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Sabra akanigeukia. "Mama. Ni wewe?"

Nikamwambia ni mimi.

Hakuomba radhi. Alinyoosha mkono, akaongeza sauti. Tukakaa hivyo, tunasikiliza, mpaka dirisha likafungwa.